Kobe mgonjwa hatibiwi kwa dawa ya ng'ombe



Najua wengi wenu mnaingia hapa kutafuta namna ya kupambana na kantangaze, ratiba ya chanjo ya kuku wa mayai, au kujua kama bei ya nyanya imepanda. Leo nina jambo jingine, nalo ni kobe. Kabla hujacheka soma mpaka mwisho, maana humu ndani kuna habari ya kupe wa ng'ombe wako, kuhara kwa mwanao, na ile chupa ya sindano iliyoko stoo kwako.

Kila mwaka mashamba mapya yakianza kusafishwa napokea ujumbe wa aina moja kwenye simu. "Afisa, habari. Nimeokota kobe, anatoa makamasi, hali chakula. Nimpe dawa gani?" Wengine wanatuma na picha: kobe yuko ndani ya beseni, pembeni kuna kipande cha ugali na chupa ya dawa ya ng'ombe. Anayeuliza ana huruma, kama hana angempita tu njiani. Ila swali lake linaruka mambo matatu ambayo yalitakiwa yatangulie: huyu mnyama anaumwa nini, nani anajua kumtibu, na nani ana mamlaka juu yake.

Msimamo wangu nauweka wazi hapa mwanzoni. Kobe aliyeokolewa akiwa mgonjwa anatakiwa aonwe na daktari wa wanyama, kama unavyomwita daktari kwa ng'ombe wako wa maziwa. Mkulima aliyemwokota ana kazi mbili: kumhifadhi vizuri kwa muda mfupi, na kupiga simu kwa watu wanaohusika. Kumchoma sindano siyo kazi yake. Wala siyo kazi yangu mimi afisa ugani.

Kobe anafikaje Ipogolo?

Wanaoijua Ipogolo wanajua kwamba pale ni mdomo wa Iringa. Barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inapita hapo, na malori yanasimama. Bondeni kwenye Ruaha Mdogo vijana wanalima nyanya, mchicha, figiri na kabichi kwa kumwagilia. Kobe wengi ninaoulizwa habari zao hawakuzaliwa hapa. Wametoka huko chini kwenye joto: Ruaha Mbuyuni, Migoli, Izazi, Pawaga, Idodi. Dereva kamkuta katikati ya lami, kamwonea huruma, kamtia kwenye gari. Au kijana ameenda kukodi shamba la vitunguu huko, akarudi naye nyumbani kwenye kiroba.

Anayeokotwa mara nyingi ni yule mkubwa mwenye gamba lililobenuka juu na mabaka meusi kwenye rangi ya manjano, kama ngozi ya chui. Yupo mwingine mdogo zaidi ambaye sehemu ya nyuma ya gamba lake ina kiungo, akiogopa anaifunga kama mlango. Na wa tatu ni yule bapa anayejificha kwenye nyufa za mawe. Huyo bapa ni mali adimu duniani. Mwaka 2019 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilimpandisha kwenye Kiambatisho cha Kwanza, ambako biashara ya kimataifa ya mnyama aliyekamatwa porini imefungwa.

Sasa, nani kawaumiza? Tuseme ukweli, wengi tumewaumiza sisi. Moto wa kusafisha shamba mwezi wa tisa na wa kumi unamkuta kwenye nyasi, naye hana mbio. Pawatila na trekta zinapita juu yake. Kobe aliyeponea moto anatoka mahali pasipo na jani hata moja, anavuka barabara kutafuta chakula, anagongwa na bodaboda. Kwa hiyo tukisema "mambo ya kobe ni ya watu wa mbuga" tunakwepa deni letu.

Tena kumleta kwetu huku juu kunaweza kumwongezea ugonjwa. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai wote tunaujua. Kobe hatengenezi joto lake mwenyewe kama ng'ombe au kuku. Joto analitoa kwenye jua na kwenye ardhi. Akipoa sana tumbo lake halisagi chakula, na kinga ya mwili inashuka. Wewe unaona kobe amelala kwa utulivu kwenye beseni jikoni, kumbe anadhoofika kwa baridi.

Chupa iliyoko stoo

Vijana wanaofuga na kulima kibiashara karibu wote wana kaboksi ka dawa. Mna ivermektini ya minyoo na kupe, mna OTC, mna dawa ya kuogeshea, mna vitamini za kuku. Kaboksi hako ndiko kanaponitia wasiwasi.

Nianze na ivermektini. Kwa ng'ombe ni dawa nzuri, imeokoa mifugo mingi. Kwa kobe ni sumu. Hili lilichapishwa na madaktari wa wanyama tangu mwaka 1983, na kati ya kobe waliopimwa, huyu wetu wa mabaka ndiye aliyeonekana kuathirika kwa dozi ndogo kuliko wenzake. Dawa inamlegeza misuli, anashindwa kunyanyua shingo, miguu inakufa ganzi, na akiishiwa nguvu za kuvuta pumzi anakufa.

Piga hesabu uone. Ile ya asilimia 1 dozi ya ng'ombe ni mililita 1 kwa kilo 50. Kobe wa kilo moja, hata ungemhesabia kama ng'ombe, angepata mililita 0.02. Sirinji uliyonayo haipimi hiyo. Anayemdunga nusu mililita kwa kukadiria amempa mara 25 ya dozi ya ng'ombe kwa uzito wake, na hata ile dozi ya ng'ombe yenyewe ni hatari kwake. Halafu kesho yake kobe akifa tunasema "alikuwa ameshazidiwa."

Dawa ya kuogeshea nayo ni vivyo hivyo. Unakuta mtu ameona kupe kwenye mikunjo ya shingo na mapaja ya kobe, anachovya brashi kwenye dawa ya ng'ombe na kumpaka. Usifanye hivyo. Kupe wa kobe wanatolewa mmoja mmoja kwa kibano, taratibu, na ni vizuri afanye mtu anayejua ili kichwa kisibaki ndani.

Na OTC? Mtu anaweza kusema makamasi ni homa ya mapafu, na homa ya mapafu inatibiwa kwa antibayotiki. Inawezekana kabisa kobe wako akahitaji antibayotiki. Lakini ni ipi, kiasi gani, kila baada ya siku ngapi? Kwa mnyama ambaye damu yake inapoa na kupata joto kufuatana na hali ya hewa, dawa haitembei mwilini kama kwa ndama. Akiwa wa baridi dawa inakawia kufanya kazi na inakawia kutoka. Ndiyo maana daktari anaanza kwa kumrudishia joto na maji, halafu ndiyo anafikiria dawa. Hata mahali pa kuchoma pana sababu. Madaktari wa reptilia kwa kawaida wanachoma upande wa mbele, kwa sababu mishipa ya damu ya nyuma inaweza kuipitisha dawa kwenye figo kabla haijazunguka mwilini. Sisi tuliozoea kuchoma pajani tunaweza kukosea kabla hata hatujachagua dawa.

Jambo jingine: kobe hana msuli wa kifua kama wetu unaomsaidia kukohoa. Uchafu ukishuka kwenye mapafu unakaa humo. Kwa hiyo mapovu puani, mdomo kuachama na shingo kunyooshwa mbele ili avute hewa ni dalili za kupiga simu siku hiyo hiyo. Usisubiri Jumatatu.

Mtaalamu ni nani hasa?

Hapa nataka tuelewane, maana kwetu kila anayevaa koti jeupe anaitwa daktari. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 imeweka Baraza la Veterinari, na wanaotoa huduma ya tiba ya wanyama wanatakiwa wawe wametambuliwa na Baraza hilo. Kuna daktari wa mifugo mwenye shahada, na kuna wataalamu wasaidizi wenye astashahada na stashahada wanaofanya kazi chini ya usimamizi. Muuza duka la pembejeo anaweza kuwa mmoja wao, au anaweza kuwa ameajiriwa tu kuuza. Muulize. Siyo dharau, ni haki yako kama mteja.

Mimi nina diploma ya kilimo. Nikiona nyanya ina mnyauko nitakwambia kama ni wa bakteria au wa kuvu, na nitakuonyesha jinsi ya kupima kwa glasi ya maji. Kobe simjui kwa kiwango cha kumtibu, na sioni aibu kulisema. Mkulima akiniuliza ninampeleka kwa mwenzangu wa mifugo wa kata, naye akiona limemzidi anampigia daktari wa mifugo wa halmashauri. Hiyo ndiyo ngazi yenyewe. Hapa Iringa tuna bahati ya kuwa na kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, ambako daktari akihitaji sampuli kupimwa ana mahali pa kuanzia. Likishindikana hapo, Morogoro iko kama kilomita 300 kwa barabara ile ile inayopita Ipogolo, na pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, ndipo madaktari wetu wengi wa wanyama wamesomea. TANAPA na TAWIRI nao wana madaktari wa wanyamapori.

Sambamba na hao kuna mtu mwingine ambaye vijana wengi mnamsahau: afisa wanyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma. Kobe wa porini hawi wako kwa sababu umemwokota, hata kama umemwokoa kwenye moto. Kukaa naye nyumbani bila kibali kunaweza kukuingiza kwenye kesi ya nyara za Serikali, na hapo kujitetea kwamba "nilikuwa namtibu" bila mtu yeyote kuwa na taarifa ni kazi ngumu. Piga simu siku uliyomwokota. Andika saa uliyopiga na jina la aliyepokea. Hiyo ndiyo kinga yako.

Na usinunue kobe kwa watoto barabarani kwa nia ya kumwokoa. Ukimlipa mtoto leo, kesho ataleta watatu.

Mfano mmoja

Msimu mmoja wa baridi kijana anayelima nyanya bondeni aliletewa kobe na dereva wa fuso aliyemwokota upande wa Migoli. Gamba lilikuwa na ufa pembeni, puani mapovu. Dukani alikokwenda kuulizia aliuziwa ivermektini, akaambiwa "mpe kidogo tu." Kabla ya kumchoma akanitumia picha ya chupa. Nilimwambia aiweke kabatini, nikampa namba ya mwenzangu wa mifugo.

Kilichofuata hakikuwa na maajabu. Mwenzangu aliongea na daktari, daktari akauliza maswali: uzito gramu ngapi, ametoka wapi, amekaa siku ngapi, analala wapi, amekunywa maji, kinyesi kikoje. Kobe alipimwa kwenye mzani wa kupimia vifaranga. Afisa wanyamapori akapewa taarifa jioni ile ile. Daktari alipomwona aliagiza joto kwanza, maji ya uvuguvugu, jeraha lisafishwe na lisizibwe kwa gundi. Dawa ya kuchoma ilikuja siku ya pili, kwa kiasi ambacho sirinji ya kawaida ingeshindwa kukipima. Baada ya wiki kadhaa alianza kula majani mwenyewe, akachukuliwa na watu wa wanyamapori akiwa na maelezo ya mahali alikookotwa. Lile la mahali ni muhimu, kwa sababu kobe akipona anatakiwa arudi kwenye mazingira yake. Kumwachia mlimani Ipogolo kwenye baridi siyo kumsaidia.

Kijana yule gharama yake kubwa ilikuwa vocha na nauli ya bajaji.

"Watu hawana daktari, wewe unaongelea kobe"

Hoja hii nimeisikia na siidharau. Kuna kata ambazo afisa mifugo mmoja anahudumia vijiji vingi kwa pikipiki isiyo na mafuta. Ng'ombe anakufa usiku daktari hajafika. Mtu mwenye ng'ombe wa kumlipia ada ya shule mtoto wake ana haki ya kuuliza kwa nini daktari ashughulike na kobe.

Jibu langu ni kwamba kobe haondoi foleni ya ng'ombe. Anachohitaji kwa sehemu kubwa ni simu, picha, mzani na sehemu yenye joto. Daktari anaweza kutoa maelekezo ya mwanzo kwa dakika kumi. Kinachokula muda wa madaktari wetu ni mnyama anayeletwa akiwa ameshachomwa dawa tatu zisizojulikana, na hao wengi ni ng'ombe, mbuzi na kuku wetu wenyewe.

Hoja ya pili: "Madaktari wenyewe hawajasomea kobe." Ni kweli kwamba daktari wa huku kwetu anaona ng'ombe, kuku na mbwa siku nzima, kobe labda mara moja moja. Lakini yeye anajua afungue kitabu gani, ampigie nani, na anajua kuogopa dawa ipi. Ujuzi wa mnyama adimu unajengwa. Mnakumbuka chura wa Kihansi, kule milima ya Udzungwa? Mwishoni mwa mwaka 2000, maji ya mto yalipoelekezwa kwenye umeme, chura 499 walipelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Mwanzoni walikufa wengi, kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua chakula chao, mwanga wao wala magonjwa yao. Watunzaji na madaktari wakajifunza hatua kwa hatua. Mwaka 2009 chura yule alitangazwa kuwa ametoweka porini, lakini mwaka 2012 wenzake waliozalishwa huko walianza kurudishwa Kihansi. Kwa kobe wetu hatuhitaji kufika Marekani. Tunahitaji daktari wa Iringa apigiwe simu mara nyingi za kutosha mpaka azoee.

Na wewe mfugaji unapata nini?

Najua nyie ni watu wa biashara, basi tuongee biashara.

Kwanza, kupe. Kobe wa mabaka anabeba kupe ambao baadhi yao wanaweza kusambaza ugonjwa wa moyo kujaa maji, ule unaoua ng'ombe, mbuzi na kondoo. Marekani walilichukulia kwa uzito sana: baada ya kupe wenye vimelea vya ugonjwa huo kukutwa kwenye kobe walioingizwa Florida kutoka Afrika, mwaka 2000 serikali yao ilizuia uingizaji wa aina tatu za kobe wa Afrika, akiwemo huyu wetu. Sasa wewe unamtoa kobe na kupe wake Pawaga, unamweka bandani na mbuzi wako Ipogolo. Umeleta mgeni usiyemjua. Daktari akimwona mapema anakusaidia na wewe.

Pili, salmonela. Kobe anaweza kuibeba tumboni bila kuumwa. Mtoto akimshika halafu akala embe bila kunawa, anaweza kuhara vibaya. Mwaka 1975 Marekani walizuia kuuza kasa na kobe wadogo wenye gamba la chini ya sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto walikuwa wanawachezea na kuugua. Kobe mgonjwa asikae jikoni, asikae na vifaranga, na beseni lake lisirudi kuoshea vyombo.

Tatu, na hili kwangu ndilo kubwa, ni mazoea. Mkono unaomdunga kobe kwa kukisia ndio huo huo unaotia antibayotiki kwenye maji ya kuku kila wakipiga chafya, ndio unaomchoma ng'ombe OTC kisha kesho maziwa yanapelekwa sokoni. Kuku wanakufa, hela ya dawa imeondoka, na vimelea vinazoea dawa mpaka siku unaihitaji kweli haifanyi kazi. Mkulima anayeweza kusema "ngoja nimuulize daktari kwanza" kwa kobe asiye na faida sokoni, atasema hivyo pia kwa kuku 500. Nimeona tofauti ya hesabu za mwisho wa mwaka kati ya anayeuliza na anayekisia.

Ufanye nini wakati unasubiri

Ukimkuta kobe mzima anatembea zake, mwache. Akiwa barabarani mvushe upande aliokuwa anaelekea, basi. Akiwa ameumia au anaonyesha dalili za ugonjwa, fanya haya:

1. Mbebe kwa mikono miwili pande za gamba, asigeuzwe chali. Mweke kwenye boksi lenye matundu na majani makavu, sehemu tulivu, mbali na mbwa, watoto na kuku.

2. Piga simu mbili: afisa mifugo wa kata na afisa wanyamapori. Huwapati? Nenda ofisi ya mtendaji uandikishe taarifa.

3. Mpime uzito kwa gramu. Piga picha usoni, puani, gamba la juu na la chini, na kinyesi. Video fupi ya anavyopumua inamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

4. Andika mahali ulipomkuta, tarehe na saa. Andika pia kitu chochote alichopewa, hata kama ni cha duka na unaona aibu kukitaja.

5. Mpatie joto bila kumchoma. Mchana jua la asubuhi na kivuli cha kukimbilia. Usiku chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa, upande mmoja wa boksi, ili akizidiwa asogee. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa halitakiwi kwake wala kwako.

6. Kama hana jeraha kubwa na ananyanyua kichwa, mweke kwenye maji ya uvuguvugu yasiyozidi kina cha kidevu chake, dakika 15, ukiwa umesimama hapo. Usimmiminie maji mdomoni kwa nguvu, yataingia kwenye mapafu.

7. Chakula ni nyasi na majani ya porini. Ugali, mkate, maziwa, nyama na pumba za kuku hapana. Asipokula siku hiyo usimlazimishe.

8. Gamba likiwa na ufa, mwaga maji safi yenye chumvi kidogo, funika kwa kitambaa safi. Usizibe kwa gundi wala saruji, utafungia uchafu ndani. Na usitoboe gamba ili umfunge kamba. Lile gamba ni mfupa wake, limeungana na uti wa mgongo na mbavu, lina damu na linauma.

9. Nawa mikono kwa sabuni kila unapomaliza.

Orodha hiyo haina dawa hata moja, na nimeiandika hivyo kwa makusudi.

Ninachoomba

Kwa viongozi wetu wa halmashauri: namba ya daktari wa mifugo na ya afisa wanyamapori zibandikwe pamoja kwenye kila ofisi ya kata na kila duka la dawa za mifugo, kuanzia hapa Ipogolo. Leo mkulima anajua namba ya fundi pampu kwa kichwa, ya daktari hana. Pia watu wa wanyamapori na wa mifugo wakubaliane mapema nani anampokea kobe mgonjwa na anakaa wapi siku za matibabu, ili mkulima asirushwe huku na huku mpaka akate tamaa na kumtupa.

Kwa wenye maduka: mteja akisema "ni ya kobe," usiuze. Mwelekeze kwa daktari. Utapoteza hela ya chupa moja, utabaki na jina zuri.

Kwenu vijana: kobe wa mabaka anachukua zaidi ya miaka kumi kufikia umri wa kuzaa porini. Uliyemwokota kwenye moto wa shamba lako huenda alikuwa anatembea pale kabla hujamaliza shule ya msingi. Ukimuua kwa sindano ya kukisia, pengo lake halizibiki msimu ujao kama mche wa nyanya.

Kwa hiyo chukua simu yako sasa hivi. Ingiza namba tatu: afisa mifugo wa kata yako, daktari wa mifugo wa halmashauri, afisa wanyamapori. Huna? Pita ofisi ya kata kesho ukienda shambani. Na kabla hujachoma majani ya shamba jipya, zunguka kwanza na fimbo kwenye nyasi, kuanzia katikati kuelekea pembeni, uwape nafasi ya kutoka.

Wiki ijayo tunarudi kwenye kantangaze, nimeona mmeniulizia sana. Kazi njema.